Mvua Iliyonyesha Kwenye Kompyuta Yangu Peke Yake

Mpaka leo mtu wa Katoro akiona wingu dogo tu upande wa Ushirombo, akapita mbele ya duka ninapofanyia kazi, atachungulia ndani na kuniuliza, "Kabula, tuanue nguo au bado hujaamua?" na mimi nacheka naye, maana nifanye nini, aibu ukishaivaa mbele ya watu kumi na sita na dereva wa Fuso huwezi tena kuivua ukasema ni ya jirani. Bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, kwa sababu wengine wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nilikimbizwa na ng'ombe, si kweli, ng'ombe walinitazama tu).

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nina meza kwenye kona ya duka la Mzee Jivan, muuza mbegu na majembe, mzee wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyeanza biashara hizi huko Shinyanga na yeye Kisukuma anakiongea kuliko mimi, na pale kwenye kona natengeneza simu, nachapa barua za watu, na kazi zikipungua natunga programu zangu ndogondogo. Kasoro yangu ni moja na mama aliiona tangu nikiwa mtoto: naota mchana. Sisemi nasinzia. Naweza kuwa nakuangalia usoni, naitikia ndiyo, ndiyo, kumbe nimeshaondoka zamani, niko kwenye majani marefu mahali fulani nasikiliza matone. Niliitwa Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na nadhani ile mvua haijanitoka kichwani mpaka leo.

Sasa hapo Katoro kuna watu wengi wanaokaa mjini na mashamba yao yako mbali, wale tunaowaita wakulima wa simu. Kikundi cha Mzee Jivan ni cha namna hiyo. Majaluba yao, yale mashamba ya mpunga yenye kingo za udongo za kushika maji, yako bondeni huko Ushetu, jirani na baba yangu mkubwa, Masanja, lakini miche wanaiotesha nyuma ya nyumba zao Katoro kwa kumwagilia ndoo, halafu mvua ikishajaza majaluba wanaing'oa, wanaipakia kwenye Fuso ya Mzee, wanaenda kuipandikiza siku hiyohiyo. Shida yao ilikuwa kujua siku yenyewe. Mche ukishang'olewa hauna subira, ukiulowesha na kuufunika vizuri utakuvumilia siku moja, na ukifika ukakuta ardhi kavu, umekwisha.

Nikajitolea. Hakuna aliyeniomba, nasema ili muelewe kwamba hili jambo nililitafuta kwa miguu yangu. Nikafunga kipimamvua kwenye nguzo pale kwa Baba Mkubwa, kikopo chenye waya na kadi ya simu ndani, kinachopima maji yaliyoingia na kutuma hesabu ya milimita kwenye seva, na Baba Mkubwa akakizungushia miiba mbuzi wasikiguse na akaanza kukiita "kidude changu". Huku Katoro programu yangu ikawa inaongea na ile seva kwa soketi, yaani njia ambayo programu mbili zinaiacha wazi ili moja iulize na nyingine ijibu. Kila nusu saa yangu inauliza, imenyesha kiasi gani tangu tulipoongea? Jibu linakuja, wakati mwingine zima, wakati mwingine vipande vipande, kwa hiyo lazima uwe na mahali pa kuvikusanyia vipande hadi vitimie ndipo usome. Mahali hapo mimi napaita kapu. Unakusanya kwenye kapu, unasoma, unajumlisha, basi.

Na kwenye kioo nilichora safu moja ya buluu, nyembamba, inayopanda kadiri mvua inavyoongezeka. Niliipenda hiyo safu kupita kiasi. Nilishinda siku mbili natafuta buluu inayofaa.

Lazima niwaambie kuhusu Mama Shija, kwa sababu bila yeye huu ungekuwa mkasa wa kuchekesha tu. Mama Shija anakaanga vitumbua kibarazani, hatua kumi kutoka mezani kwangu, na ni mmoja wa kikundi. Wenzake walipanda mbegu za dukani. Yeye alikuwa na mpunga wa kienyeji alioachiwa na mama yake, Bibi Nkwimba, ganda lake lina wekundu kidogo na ukiupika nyumba ya tatu wanajua, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao tena, maana wengine waliuacha kwa kuwa unachelewa kukomaa. Miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa mbaya, akabakiwa na kibaba kimoja na nusu cha mbegu. Mwaka huo akasema nikiendelea kuitunza itaoza, akaiotesha yote. Aliniambia mwenyewe, huku akigeuza vitumbua, "Nimeimwaga yote, Kabula. Hata ya kuonja sikubakiza." Nilimsikia vizuri sana, siku hiyo sikuwa naota.

Basi Ijumaa moja nikafika dukani mapema, nikawasha kioo (kompyuta huwa naiacha ikifanya kazi usiku kucha), nikaona safu imenyanyuka. Kwa wiki tano ilikuwa imelala chini, sifuri juu ya sifuri, mpaka watu walianza kusema nimewachorea mstari wa mapambo. Sasa ilisoma saba. Milimita saba, alfajiri, Ushetu. Nikavuta kiti, nikakaa bila hata kuvua kikoti cha bodaboda. Baada ya nusu saa ikasoma kumi na nne. Kisha ishirini na moja. Kisha ishirini na nane.

Mtu makini angejiuliza ni mvua gani hii inayonyesha milimita saba kila nusu saa, haizidi wala haipungui, kana kwamba inapimwa kwa kikombe. Mimi nilijisemea, ni mvua tulivu. Nikaegemeza kidevu kwenye mkono na nikaondoka. Niliyaona majaluba yakijaa moja baada ya jingine, maji yakifika kwenye ukingo yanasitasita halafu yanamwagikia la chini, niliwaona ng'ombe wa Baba Mkubwa wamesimama migongo imelowa wakifuka mvuke, nilisikia vyura, nilisikia harufu ya udongo, nawaambieni kweli niliisikia, pale katikati ya duka lenye harufu ya dawa za mahindi. Nje Katoro ilikuwa na jua lake la kila siku, bodaboda zinapigiana honi, mtu anatangaza mitumba kwa kipaza sauti, vijana wa machimboni wanaulizia makoleo, na mimi katikati ya yote hayo nimelowa chapachapa.

Sikuridhika kulowa peke yangu. Nikageuza kioo kikatazama barabarani. Watu wakaanza kusimama. Wanachama wakapigiana simu, Mama Shija akaacha karai lake akaja kuangalia, akaweka kidole kwenye kioo kwenye ile buluu na kukiacha hapo muda mrefu, kidole chenye mafuta, na sikukifuta kile kialama siku nzima.

Kufikia saa sita mchana ilisoma tisini na moja. Kikundi walishakubaliana kwamba themanini zinatosha kujaza majaluba. Mzee Jivan akavaa miwani, akaangalia, akavua miwani, akaniuliza, "Umeongea na Masanja?"

Hapa ndipo pa kuniona. Kumpigia Baba Mkubwa si kupiga simu, ni kwenda kumtembelea kwa mdomo. Anaanza na salamu zetu za Kisukuma, mwangaluka, anakuja mhola, unamjibu mhola duhu, anauliza habari za mama, za mdogo wangu, za mume wa mdogo wangu, za jirani aliyewahi kuugua mwaka juzi, halafu zamu yako na wewe umuulize watu wote wa kwake bila kumruka hata mmoja, halafu anakueleza ng'ombe mmoja mmoja, na mwisho kabisa, ukidhani sasa umefika, anauliza, "Na mkwe wangu umeshamwona au bado anatafuta njia?" Nusu saa imekwisha, na mtu mzima humkatishi salamu ukamuuliza mvua kama unamuuliza konda kituo. Mimi nikamtazama Mzee Jivan, nikaitazama ile buluu, nikaona aibu kuiacha nusu saa nzima kwa ajili ya maswali ya mkwe.

"Nimeongea naye, Mzee," nikasema.

Ni maneno matatu tu. Na kweli nilikuwa nimeongea naye, wiki iliyopita, kuhusu mbuzi.

"Amesemaje?"

"Amesema karibuni."

(Hilo la pili sijui lilitoka wapi. Nadhani uongo ukiwa peke yake unaogopa, unaita mwenzake.)

Jumamosi alfajiri wakang'oa miche. Wakaifunga mafungu, wakailaza kwenye magunia yaliyoloweshwa, Mama Shija mafungu yake kumi na mawili akayafunika na kitenge chake mwenyewe, na jua lilipotoka tulikuwa tayari juu ya Fuso, wanachama kumi na sita pamoja na Mzee Jivan aliyekaa mbele na dereva, na mimi, mgeni rasmi, nimepakata kompyuta yangu ikiwa wazi chini ya kanga isiingie vumbi, simu ikiipa mtandao pale ulipopatikana. Walikuwa wanaimba. Wimbo wa kulima, ule unaoanzwa na mmoja na wengine wanaupokea, na aliyeanzisha alikuwa Mama Shija, na nilipokuwa nimelala chali juu ya magunia ya baridi natazama mawingu madogo yakitufuata nilifikiri kwamba hivi ndivyo raha inavyokuwa, mtu amewafanyia watu jambo jema na wanaimba.

Tulipoikaribia Ushirombo Fuso ilikuwa inatimua vumbi. Nikasema moyoni, mvua za siku hizi zina mipaka. Tulipoipita Masumbwe na kuiacha lami, lile vumbi likawa linatuingia mdomoni na wimbo ukapungua wenyewe. Mzee Jivan akatoa kichwa dirishani.

"Kabula, vumbi hili?"

"Ni mbele huko, Mzee."

Mbele huko tukakutana na kundi la ng'ombe wanakatiza, na ng'ombe walikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mbele zaidi kijito ambacho huwa tunakivuka kwa woga tulikivuka bila kujua kama tumekivuka. Wimbo ulikuwa umekwisha kabisa, na mimi nilikuwa bado nasema moyoni, bondeni, bondeni kutakuwa kumelowa, maji si yanakimbilia bondeni.

Saa saba tukafika. Baba Mkubwa alikuwa kivulini anatia mpini kwenye jembe, akaona Fuso imejaa watu, akainuka taratibu akidhani amefiwa na mtu. Alipoona hakuna anayelia akatabasamu, akaanza kusalimia. Mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipojua adhabu ni nini, kwa sababu yale majaluba yalikuwa pale pale nyuma yake, tunayaona sote, meupe, yamepasuka kama mguu wa mtu asiyepaka mafuta, na hakuna aliyeweza kuyasema, maana salamu ilikuwa haijaisha. Shikamoo, marahaba, mwadila, mhola, mhola duhu, watoto, watoto wazima, mifugo, mifugo mizima, watu kumi na sita, na miche kwenye magunia inatokota. Dereva, ambaye ni mtu wa Mwadui na hana haraka na maisha, yeye aliulizwa mpaka ukoo wake na akaueleza.

Ndipo Mzee Jivan, kwa Kisukuma kizuri cha adabu, akauliza habari ya mvua.

"Mvua," akasema Baba Mkubwa. "Ilipita jana alfajiri, ikanyunyiza kidogo, mbuzi hata hawakuinuka. Tangu hapo ni hivi mnavyoona."

"Lakini jana si uliongea na Kabula?"

Baba Mkubwa akanitazama. Yeye si mtu wa kumuumbua mtoto wake mbele ya wageni, nilimwona anatafuta namna, anahesabu siku kichwani kama kuna namna ya kunisaidia, akakosa. "Na Kabula tuliongea siku ile ya mbuzi," akasema kwa upole.

Wote wakanigeukia. Afadhali wangenitukana. Nikafunua kanga, nikaona simu haishiki mtandao, nikapanda juu ya kichuguu kilichokuwa karibu na zizi, pale ndipo unapopatikana, nikasimama huko juu na kompyuta mkononi wote wananiangalia kutoka chini, na ng'ombe nao. Safu ya buluu ilikuwa imejaa mpaka juu. Ilikuwa imejaa tangu jana yake alasiri, kwa sababu nilipoichora sikudhani mvua ingezidi mia na ishirini kwa hiyo hapo ndipo nilipoikomesha, na namba yenyewe niliiweka chini kwa maandishi madogo ya urembo ambayo hata mimi sikuwa nayasoma. Sasa niliyasoma. Mia nne na sita. Kama ingekuwa kweli, tungemkuta Baba Mkubwa juu ya paa.

Mzee Jivan akapanda kichuguu kwa shida, akavaa miwani. Wakati huohuo nusu saa ikatimia, namba ikaruka mbele ya macho yetu ikawa mia nne kumi na tatu. Akaangalia juu, mbinguni hakuna hata unyoya wa wingu. Akarudi kwenye kioo.

"Hii inanyesha kwa nani, Kabula?"

Nikaketi palepale kwenye kichuguu na kuiagiza programu inionyeshe kila inachopokea kama kilivyo, kabla ya kukijumlisha, na nikaiambia iulize seva sasa hivi bila kungoja. Jibu likaja: sifuri. Kidude kilikuwa kinasema ukweli. Nikasema basi nione kapu. Nikalifungua kapu na nikaona saba, na nyuma ya saba sifuri, na sifuri, na sifuri, msururu mrefu wa sifuri kama siafu wanaofuata kiongozi, majibu yote ya tangu jana alfajiri yakiwa bado yamekaa humo. Sikuwahi kulimwaga. Kila jibu jipya lilipoingia nililiweka juu ya yale ya zamani, nikasoma kapu zima upya na kujumlisha upya, kwa hiyo yale manyunyu saba ya alfajiri yalihesabiwa kila nusu saa, na wiki zote tano za ukame kosa halikuonekana kwa sababu sifuri uirudie mara ngapi ni sifuri. Ulikosekana mstari mmoja. Mfupi. Unaosema ukishasoma, mwaga. Na siku niliyokuwa natakiwa kuuandika naikumbuka, nilikuwa nimeinua macho kutoka kwenye hiyo programu nikawa natafuta buluu inayofaa.

Nikashuka. Nikawaeleza kwa namna niliyoweza, nikasema ni kama mtu aliyechota ndoo moja ya maji, anaimimina kwenye pipa, anaandika moja, halafu anaitazama ileile ndoo anaandika tena moja, na tena.

"Ndoo ya hivyo mimi ningeinunua," akasema dereva.

Baba Mkubwa alikuwa anawaza jambo jingine. "Kwa hiyo kidude changu hakijasema uongo."

"Hakijasema, Baba Mkubwa."

"Aliyesema uongo ni nani?"

"Ni mimi," nikasema, na tulielewana wote kwamba sizungumzii kapu.

Mama Shija hakuwepo kwenye hayo mazungumzo. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya Fuso, amefunua kile kitenge, anayafungua mafungu yake moja moja. Magunia yake yalikuwa upande wa injini, kwenye joto. Nilipomkaribia aliinua fungu moja akanionyesha, majani yamelegea, rangi inaelekea njano, akalitazama yeye, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ileile ya siku zote, "Mwanangu, mimi ghalani sina kitu." Nililia hapohapo.

Kuna lambo la kunyweshea ng'ombe pale kwa Baba Mkubwa, lilikuwa limebaki na maji ya kufika magotini. Akasema maji yale yanaweza kulowesha jaluba moja, lile dogo lililo karibu, si zaidi, vinginevyo mifugo itakosa. Jaluba moja kwa miche ya watu kumi na sita. Nilidhani pale ndipo watagombana, na wangekuwa na haki. Mzee Jivan akavua viatu, akavua soksi akazikunja akazitia ndani ya viatu, akasema, "Sisi wengine mbegu zipo dukani. Tuanze na za Mama Shija." Hakuna aliyebisha. Walipiga mstari kutoka kwenye lambo, ndoo, madebe, masufuria ya wake wa Baba Mkubwa, na mimi nikachota mpaka viganja vikatoka malengelenge, na sikuota kitu chochote, kila ndoo niliihesabu mara moja na kuimwaga.

Mafungu manane yalikuwa yameshakufa. Manne tukayapanda, jua likiwa linashuka, Mama Shija akichomeka mche mmoja mmoja na kuubana kwa vidole viwili. Miche ya wengine tuliwalisha ng'ombe. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba.

Programu nilishairekebisha kabla hatujaondoka, mstari mmoja, dakika moja. Kazi iliyobaki haikuwa ya kompyuta. Kila asubuhi nilimpigia Baba Mkubwa, mhola, mhola duhu, mama, jirani, ng'ombe mmoja mmoja, mkwe bado anatafuta njia, na baada ya yote hayo ananiambia miche imeamkaje, maana alikuwa anaibebea maji kwa mkokoteni wa ng'ombe, pipa moja kila siku. Mmoja umesimama. Mitatu imelala. Kona ya kushoto imekufa. Siku ya kumi na moja nilikuwa mezani, kioo kinasoma thelathini na nne na nimekataa kukiamini, simu ikaita. Alikuwa yeye. Akanisalimia salamu zote, hakuruka hata moja, na mimi nikaitikia zote, nyuma ya sauti yake nasikia kishindo ambacho sikukielewa. Alipomaliza, nadhani aliinyoosha simu kuelekea juu, na ikaniingia sikioni mvua yenyewe, inapiga mabati, inazidi, inapungua, inazidi tena, haifanani na ile yangu hata kidogo. Nikamwita Mama Shija aache karai. Tukasikiliza sote wawili, simu katikati ya vichwa vyetu, mpaka salio la Baba Mkubwa likaisha.

Mavuno yalikuwa kidogo. Lile jaluba dogo lilitoa mpunga wa kujaza ndoo moja na nusu, na Mama Shija hakuupika, ingawa watu tulikuwa tunautamani. Alikuja dukani siku moja na vifundo vinne vya kitenge. Kimoja akampa Mzee Jivan. Kimoja akasema ni cha Masanja, atapelekewa. Kimoja atabaki nacho yeye, kwa sababu mbegu ikikaa kwa mtu mmoja, mtu huyo akikosea imekwisha. Cha nne akakiweka mezani kwangu, juu ya kibodi.

Nikamwambia, "Mama, mpe mtu mwingine. Mimi ndiye niliyetaka kuimaliza."

"Ndiyo maana," akasema. "Wewe ndiye utakayeogopa kuipoteza."

Akarudi kwenye vitumbua vyake. Mimi sina shamba, sijawahi kulima hata tembele, lakini Baba Mkubwa amenipimia kipande chenye ukubwa wa chumba, karibu na lambo, na msimu huu nitakwenda mwenyewe, na sitapanda mche hata mmoja kabla sijachomeka kidole ardhini kikatoka na tope.